Siku Nilipoikunjia Uso Wiski ya Rai

Glasi ya mgeni haishikwi mdomo. Hushikwa kitako, kwa vidole visivyo na mafuta wala harufu ya kitunguu. Neema, andika hilo kwanza, hata kabla ya jina langu. Jina langu wote wanalijua. Hilo la glasi hawalijui.

Wajukuu zangu, nimeambiwa kwamba baadhi yenu mnatafuta kazi za hoteli. Nimeambiwa pia, na walioniambia si waongo, kwamba baadhi yenu mnakunywa zile chupa ndogo za pombe kali kwa mkupuo mmoja, mmefumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa chungu. Maneno haya ni yenu nyote, wa kuhudumia na wa kufumba macho. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo ninasema na Neema anaandika, na nimemkanya asipambe. Nilihudumia vinywaji katika kambi ya watalii huko mbugani, kusini mwa Mpanda, tangu nilipokuwa na nguvu za kubeba kreti mbili begani mpaka magoti yalipogoma. Sisifu ulevi. Mlevi hana ulimi; ana koo tu. Mimi nitasema habari za ulimi, na habari za kinywaji kimoja ambacho hata leo, nikiwa nimeketi hapa Kawajense na chai yangu, kikinijia akilini naweka kikombe chini kwanza.

Aliyenifundisha kazi ya baa hakuwahi kunywa tone. Alikuwa Mzee Ramadhani, Mwislamu wa Mpanda mjini, mtoto wa mwenye duka, mtu wa kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na aproni nyeupe siku nyingine zote. Wageni walimstaajabia. Aliweza kusimama nyuma ya kaunta akiwa amefumba macho, nawe ukapitisha chupa moja baada ya nyingine chini ya pua yake, naye akakutajia kila moja bila kukosea.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee wangu, na mfungo huu wa Ramadhani, kunusa pombe mchana kutwa hakukuharibii?"

"Daudi," akasema, "tumbo linafunga, mdomo unafunga. Mimi nanusa kwa ajili ya mshahara. Swali lako la pili ni lipi?"

Nikarudi kufuta glasi.

Kutoka kwake nilijifunza kwamba mvuke wa kwanza wa pombe kali ni matusi tu, haupaswi kujibiwa. Unafungua mdomo kidogo wakati wa kunusa, ili ukali upite njia nyingine na usikupige ngumi ya pua. Kisha unasubiri. Nilijifunza kwamba ukimwaga tone moja kiganjani, ukasugua viganja viwili mpaka vikauke, kilevi huondoka na nafaka hubaki, nawe utajua kilichopikwa kilikuwa shayiri au mahindi au miwa. Kwa mtu asiyejua kusoma, hiyo ndiyo ilikuwa herufi. Chupa nilizitambua kwa mabega yake, kwa shingo, kwa picha za ndege na farasi, na ilipotokea kampuni ikabadilisha picha bila kuniuliza, nilisugua viganja.

Makosa niliyafanya mengi, na ninawapa machache ili nyie mkafanye mengine mapya. Wiki za mwanzo niliosha glasi zote kwa sabuni ya kuogea, ile yenye manukato, kwa nia njema kabisa. Mgeni akanusa wiski yake, akaita: "Kwa nini kinywaji changu kinanukia bi harusi?" Mzee Ramadhani akanirudisha kwenye beseni, nikaosha upya kabati zima kwa maji ya moto matupu na kitambaa kikavu. Zamani barafu ilitoka Mpanda kwa gari, imezikwa ndani ya magunia ya pumba za mpunga, na ikifika tuliisuuza kama tunavyosuuza mchele. Siku hizi kambi zina majokofu ya umeme wa jua, barafu inapatikana muda wowote, na vijana wanaiweka pamoja na samaki. Barafu ni mwizi wa harufu. Ukiilaza na sato, itaamka na sato, na mgeni ataipata ndani ya glasi yake ya bei mbaya. Barafu ipewe sanduku lake peke yake, lenye kifuniko.

Sasa sikilizeni kosa lililokaribia kunirudisha kijijini kwetu Mamba kwa lori la vyakula, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata.

Huko kwetu Mamba, mama yangu alipika pombe. Alipika ya mahindi kwa kimea cha ulezi, na watu walitembea kutoka vijiji vingine kuifuata. Na pombe kwetu haikupewa mgeni hivi hivi. Mwenye mtungi huchota kwa kata, hunywa yeye kwanza mbele ya watu wote, na watu humtazama uso. Akitulia, mnakunywa. Akikunja uso, hata kidogo, hata kama ni nzi amempitia jichoni, mtungi unamwagwa chini pale pale. Hakuna kubishana, hakuna kusema tuonje na sisi. Uso umeshasema. Kwa sababu hiyo mama yangu alikuwa na uso mgumu kama jiwe la kusagia, na mimi nimeurithi, kama mnavyojua.

Basi, mwezi wangu wa kwanza kambini, Mzee Ramadhani akiwa amekwenda kuswali, mgeni mmoja mwenye ndevu aliagiza wiski. Nikamimina vizuri. Nikampelekea vizuri. Na kabla ya kumkabidhi, kwa heshima zote nilizolelewa nazo, nikanywa funda moja kwenye glasi yake, nikatuliza uso ili aone, kisha nikampa kwa mikono miwili.

Yule bwana alinitazama kama mtu aliyeona nyani amevaa viatu vyake.

Meneja aliitwa. Nikaambiwa nifungashe. Ni Mzee Ramadhani aliyerudi kutoka kwenye mkeka wake, akasimama kati yetu na kusema, "Huyu hakuiba. Amemtoa mgeni shaka. Kwao, mwenyeji asiyeonja kwanza ndiye mbaya." Meneja akacheka, mgeni akacheka alipotafsiriwa, nami nikabaki, nikiwa nimepewa amri mbili: nisiguse tena kinywaji cha mgeni kwa mdomo wangu, na nisimguse mgeni mwenyewe kwa mkono wangu, hata akijikwaa, mpaka aombe. Amri hizo nilizishika miaka yangu yote, isipokuwa siku moja.

Lakini lile funda! Lilikuwa wiski ya mahindi, ile ambayo Wamarekani huiita bourbon. Nilikuwa nimetegemea kunywa mafuta ya taa. Badala yake nikaonja hindi bichi lililochomwa kwenye makaa, sukari guru ikiyeyuka, na moshi mtamu kama wa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa na mfugaji. Mzee Ramadhani alinieleza baadaye kwamba hupikwa kwa mahindi mengi kuliko kitu kingine, kisha hulazwa miaka ndani ya pipa jipya la mbao ambalo tumbo lake limeunguzwa kwa moto. Mahindi, wajukuu zangu! Mimi ni mtoto wa mahindi. Nilihisi kama nimekutana ugenini na ndugu wa ukoo aliyevaa suti.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa wiski ya mahindi. Msimu ulipofungwa, mvua zikianza na barabara zikigeuka tope, chupa zilizobaki nusu tuligawiwa wafanyakazi. Wenzangu waligombea zenye picha nzuri. Mimi nilichukua yangu ya mahindi, nikaenda nayo nyumbani, nikanywa kijiko kimoja kimoja mpaka msimu ufunguliwe. Nilifika mahali nikawafundisha vijana wapya kwamba wiski nyingine zote ni dawa za kukandia misuli. Nilisema hivyo kwa uso wa mama yangu, na waliniamini.

Miaka mingi baadaye, Mzee Ramadhani akiwa ameshastaafu na mimi nikiwa ndiye mkuu wa baa, akaja Mama Helena.

Alikuja wakati wa kiangazi, ule wakati viboko wanabanana kwenye tope la mwisho na kugombana usiku kucha kama wapangaji wa nyumba moja. Alikuwa mama mtu mzima, mkulima wa huko kwa Wamarekani, mikono yake ilionyesha. Kiongozi wa watalii aliyepangiwa alikuwa Elia, kijana wa Sumbawanga mwenye mdomo mwepesi, na ndiye aliyetutafsiria siku zote, maana Kiingereza changu kiliishia kwenye barafu, limau na karibu tena.

Kila jioni Mama Helena aliagiza wiski ya mahindi, kidogo, na tone la maji. Hakuinywa kwa mkupuo. Aliizungusha, akafungua mdomo kidogo, akanusa, akasubiri. Nikamheshimu hapo hapo.

"Mwambie," nilimwambia Elia, "kwamba mimi na yeye ni wa kanisa moja."

Elia akatafsiri. Mama akacheka, akaniuliza kwa kupitia kwake, "Na kwenu, mtu anajuaje kwamba pombe ni nzuri?"

Nikamweleza habari za mama yangu, kata, na uso. Alisikiliza bila kupepesa. Alitaka kujua: mtungi unamwagwa kweli? Wote? Nikasema wote. Na kama aliyeonja amekosea? Nikasema kwetu hilo swali halijawahi kuulizwa, maana mtungi ukishamwagwa hakuna kilichobaki cha kuonja tena.

Sikujua kwamba nimempa kisu.

Siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, wageni wengine wakiwa wamelala kwenye mahema kwa sababu ya joto, Mama Helena alikuja kwenye baa na Elia nyuma yake. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa ndani ya sweta la kiume. Akalifungua. Ilikuwa chupa isiyo na picha yoyote, kizibo chake kimefunikwa nta nyeusi iliyopakwa kwa mkono. Ndani yake kinywaji kilikuwa na rangi ya asali ya miombo, ile nyekundu.

"Mzee Daudi, kaa," Elia alisema. "Mama anasema ukae. Leo mhudumu ni yeye."

Sikukaa. Nilisimama, lakini nilisikiliza.

Akaeleza taratibu, na Elia, ambaye kwa kawaida huongeza maneno yake, siku hiyo hakuongeza. Mama Helena alizaliwa kwenye mashamba ya mahindi. Kwao wote walikuwa watu wa wiski ya mahindi. Mumewe alikuwa na shamba la mlimani, udongo mbaya, baridi kali, mahali ambapo mahindi hayakubali. Kilichokubali ni rai. Hiyo ni nafaka ya ukoo wa ngano, nyembamba, ya rangi ya kijivu, isiyoogopa baridi wala changarawe. Mumewe akaanza kupika wiski ya rai tupu, bila kuichanganya na pombe nyingine wala kuitia rangi, akailaza kwenye mapipa mapya yaliyounguzwa, na akasema ataingoja. Mkewe akamcheka. Alimwambia mbele ya watu kwamba hicho ni chakula cha farasi kilicholowekwa. Na kwa kiburi chake hakuwahi kuionja, hata mara moja, kila mwaka mumewe alipomletea kijiko.

"Akafa," Elia alisema kwa sauti ndogo. "Mapipa yapo bado, yamejaa ghala. Kuna wanunuzi wanakuja kuyachukua leo, huko kwao asubuhi, ambayo ni jioni hii kwetu. Watamimina yote kwenye matangi yao na kuchanganya na pombe za bei rahisi, jina la mzee lipotee. Kijana wake anasubiri simu. Mama akisema wachukue, wanachukua. Akisema waache, ndiyo basi, shamba litaendelea kupika."

"Na yeye anatakaje?"

Elia akamuuliza. Mama akajibu akiitazama chupa.

"Anasema hajui. Anasema anaogopa. Kama ni mbaya, mume wake alipoteza miaka yake ya mwisho na yeye akamwachia. Kama ni nzuri..." Elia akakohoa. "Kama ni nzuri, basi alimcheka bure. Nyumbani hawezi kumuuliza mtu, wote watamjibu kwa huruma. Anataka uso usiomjua. Anataka uonje wewe kwanza, Mzee, kama kwenu. Atatazama uso wako, na atafuata."

Wajukuu zangu, nimebeba vitu vizito katika maisha yangu. Ile glasi, na kinywaji chenye kimo cha ukucha ndani yake, ilinishinda uzito.

Nikaishika kitako. Nikafungua mdomo kidogo, nikanusa, lakini kwa haraka sikusubiri inavyopaswa. Nikanywa.

Ulimi wangu ulikuwa umekaa mlangoni unangoja mahindi. Ulikuwa umezoea miaka na miaka kupokea utamu kwanza, ile sukari guru, lile hindi la makaa. Aliyeingia hakuwa yeye. Aliingia mtu mkavu, mwenye pilipili manga mkononi, hakusema hodi wala hakutabasamu. Aliuma ncha ya ulimi, akauma pembeni, akapanda puani na ubaridi kama wa jani la mnanaa lililofikichwa. Nilishtuka. Na uso wangu, uso niliourithi kwa mama, uso ambao mameneja watatu walishindwa kuusoma, ukajikunja.

Ilikuwa mara moja tu, lakini Mama Helena alikuwa anatazama.

Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokuwa anaijua, akachukua chupa, akatoka nje ya kivuli cha baa mpaka pale kwenye changarawe iliyopikwa na jua la mchana, akaiinamisha. Nikasikia inavyogugumia.

"Mzee, umeua," Elia alininong'oneza. "Si ungetulia tu? Ungekausha uso!"

Lakini mdomoni mwangu kulikuwa na jambo linaendelea. Yule mkavu hakuwa ameondoka. Pilipili ilikuwa imelala, na chini yake kilikuwa kinaamka kitu kingine, taratibu, kama joto linavyoingia kwenye jiwe. Ganda la mkate, mdalasini, karafuu. Halafu utamu, lakini si ule wa kukimbilia mgeni barabarani. Utamu wa mtu anayekaa ndani na kungoja uingie mwenyewe. Na wakati huo huo upepo ukaleta harufu ya ile iliyomwagika juu ya changarawe ya moto. Kilevi kiliruka, nafaka ikabaki. Na mimi nikaijua.

Sikuwahi kuiona rai kwa macho, na hata leo sijaiona. Lakini niliijua kama ninavyojua ulezi. Ilinukia kimea cha mama yangu kilichoanikwa juu ya jabali nyuma ya nyumba, jua la saa nane likikikausha, ule ukali mkavu unaopanda puani na kukufanya upige chafya, ambao baadaye, ndani ya mtungi, ndio unaoipa pombe mifupa. Mahindi ni nyama. Ulezi ni mifupa. Miaka yote hiyo nilikuwa nakunywa nyama nikadhani hakuna kingine, na mtu mmoja huko mlimani, ambaye sikumjua, mwenye udongo mbaya na mke mwenye kumcheka, alikuwa amekaa na mifupa peke yake na kuingoja isimame.

Sijui nilivukaje kaunta. Ninachojua ni kwamba nilimshika mkono. Nilimshika mgeni kifundo cha mkono, kwa nguvu, na kuinyanyua chupa ikatazama juu.

"Mzee Daudi! Mkono!" Elia alipiga kelele. "Mwachie mgeni!"

"Mwambie uso wangu umekosea."

"Mwachie kwanza!"

"Mwambie, Elia! Mwambie uso ulikuwa unasubiri mahindi. Mwambie uso una haraka kuliko ulimi. Mwambie haijaharibika, ni ndefu tu, inafika polepole. Mwambie asimwage!"

Elia akasema yote kwa mfululizo, jasho likimtoka. Mama Helena alinitazama mimi, akautazama mkono wangu, na hapo ndipo nilipouona na kuuachia, nikarudi nyuma hatua kadhaa na kuiweka mikono mgongoni kama mwanajeshi. Chupa ilikuwa imebaki chini ya nusu.

Mama akazungumza. Elia akanigeukia. "Anauliza, sasa aamini kipi? Uso wa kwanza au maneno ya pili?"

Nilifikiri. Nilikuwa na jibu la heshima, lile tunalowapa wageni wote, la kwamba kila kitu ni kizuri sana. Nilikuwa na jibu la kwetu, kwamba uso ukishasema, umesema. Yote mawili niliyaona ni ya uongo.

"Mwambie asiamini chochote changu," nikasema. "Mwambie anywe."

Nikaleta glasi nyingine. Niliosha mikono kwanza, andika hilo, Neema. Nikammiminia, nikamwekea mbele yake. Mama Helena aliishika ile glasi muda mrefu bila kuinyanyua. Alikuwa anaogopa kama mtu anayetaka kufungua mlango wa chumba cha marehemu. Kisha akanywa.

Pilipili ilimpata. Niliona ilivyompata, macho yalijaa maji na kidevu kikamrudi nyuma. Akataka kuweka glasi chini. Nikanyanyua kiganja, hivi, bila kumgusa: subiri. Akasubiri. Na nikaona kwa macho yangu kitu ambacho katika miaka yangu yote ya kumimina sijakiona kwa mnywaji mwingine. Nilimwona mtu akikutana ndani ya mdomo wake na mtu mwingine. Mabega yake yalishuka. Alifumba macho, na si kama nyie mnavyofumba. Midomo yake ikawa inasogea bila sauti, kana kwamba anajibu jambo aliloulizwa siku nyingi.

Baada ya muda alisema maneno machache.

"Anasemaje?" nikauliza.

Elia alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Anasema, 'Kumbe ndiye huyu.'"

Tukanywa watatu, kidogo kidogo. Tone la maji likaifungua zaidi. Ikatoa harufu ya nyasi kavu, ya chungwa lililokaushwa, ya mbao mpya. Kila funda liligonga mlango uleule mkavu na kisha kuingia chumba kingine. Mimi, niliyewaambia vijana kwamba wiski nyingine ni dawa za kukandia misuli, nilikaa mbele ya kile kinywaji kama mtoto mbele ya gari moshi. Na bado sijaacha wiski ya mahindi. Ni ndugu yangu na atabaki kuwa ndugu. Lakini huyu alikuwa mkubwa, na mkubwa husalimiwa kwa kusimama.

Jua lilipoanza kulegea, Mama Helena alikwenda kwenye hema la mapokezi, ambako mtandao hushika, na Elia akamfuata na begi lake. Mimi nikawafuata na sinia la chai, ingawa hakuna aliyeagiza chai. Akampigia mwanawe. Kijana alikuwa na sauti kubwa, tukaisikia yote, na Elia akawa ananitafsiria sikioni.

"Anasema wanunuzi wapo getini na malori."

"Na mama?"

"Anamwambia awape kahawa, wanywe, halafu awarudishe walikotoka. Hakuna pipa litakalotoka."

Kijana akapandisha sauti zaidi.

"Anasema, mama, jana ulisema hujui chochote kuhusu hii wiski. Leo nani kakuambia ni nzuri?"

Nikaweka sinia mezani. Nikanyoosha koti langu la kazi, nikafunga kifungo cha juu, nikasimama wima, maana niliona wazi kwamba sasa jina langu linavuka bahari.

Mama Helena alinitazama, akatazama pembeni, akaweka vidole viwili kwenye midomo yake, akajibu kwa maneno mawili.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema," Elia akaniambia, "'Ulimi wangu.'"